Nani aliambiwa “rudi”? Kisa cha foklifti katika ghala la kahawa, Kampala

Ukurasa wa siku ile katika kitabu cha hesabu cha ghala unaonyesha kontena moja la futi 20, paleti 16 (vichanja vya kubebea mzigo), magunia 320 ya kahawa, kundi la watu tisa. Mwandiko ni wangu. Ukiusoma harakaharaka hutagundua kitu. Ukiutazama vizuri utaona tiki za paleti ya kwanza hadi ya kumi na moja ni za wino wa buluu, na kuanzia ya kumi na mbili ni nyeusi. Kalamu ya buluu niliidondosha pale kati na sikuitafuta.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika ghala hilo, upande wa mashariki wa jiji, kwenye eneo la viwanda. Jina la ghala silitaji, na wahusika nitawaita kwa kazi zao kwa sababu wengi bado wanatafuta riziki humohumo. Kilichonisukuma kuandika ni ripoti ya ajali iliyobaki kwenye faili, mistari miwili tu: “Dereva wa foklifti alirudi nyuma bila kutazama. Kibarua alikuwa mahali pasipostahili.” Nilitia sahihi kama shahidi. Hakuna uongo ndani yake, na kwa miezi kadhaa nilijituliza kwa hilo.

Kwanza kazi yenyewe. Kahawa ya kusafirishwa nje hufungwa kwenye magunia ya kilo 60, na kontena la futi 20 huchukua magunia 320, yaani tani 19.2. Sisi tuliyapanga 20 kwa kila paleti, manne kwa tabaka, matabaka matano. Foklifti, mashine ya kuinua mizigo kwa uma, ilitoa paleti kwenye mrundo, ikapita katikati ya ghala na kuiweka mdomoni mwa kontena. Hapo wapakasi walichukua zamu yao: wawili wanainua gunia, wa tatu anapokea mgongoni, anaingia nalo gizani na kulilaza. Mara 320. Huko ndani joto la Kampala linageuka kuwa joto la jiko.

Mpakasi ndilo neno la Kampala kwa mbeba mizigo. Ni mpagazi wetu yuleyule, amevaa nguo ya Kiganda. Na ghalani Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, maana wapakasi wengi walitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wawili walitoka Kongo, opereta wa foklifti alikuwa Mganda, na madereva wa trela walikuja kutoka Mombasa wakiwa na haraka ya kurudi Malaba, mpakani na Kenya, kabla foleni haijawa ndefu. Vibao vya usalama ukutani viliandikwa kwa Kiingereza. Kimoja kilisema jihadhari na foklifti. Katika wapakasi tisa wa kundi lile, ninaowajua kuwa waliweza kukisoma ni wawili.

Malipo yalikuwa kwa kontena, yanakabidhiwa nyapara, naye anagawa. Kahawa iliyomwagika ilikatwa kwenye fungu la kundi. Shika hilo la kumwagika, nitalirudia.

Ilikuwa Novemba, kahawa ya ukanda wa kati imeanza kuingia kwa wingi, na mvua nayo haijaondoka. Saa kumi na nusu jioni ikashuka. Asiyewahi kusimama chini ya paa la mabati la ghala kubwa mvua ikinyesha hawezi kuelezwa akaelewa. Unafungua mdomo, unajua unasema, lakini sauti yako huisikii. Tulizoea kupiga mbinja na kuonyeshana kwa mikono.

Opereta akaweka paleti ya kumi na moja. Nikatia tiki. Gunia moja la chini lilikuwa limefumuka kwenye mshono, na punje zilikuwa zimechora mstari sakafuni tangu kwenye mrundo hadi mdomoni mwa kontena. Mpakasi mmoja, kijana wa miaka 23 kutoka Nebbi, akachukua ufagio na debe, akazunguka nyuma ya foklifti kuzoa. Hakuna aliyemtuma. Zile punje zilikuwa hela yao.

Nyapara alikuwa amesimama ukingoni mwa gati, pale mahali pa kupakilia. Akamwona kijana ameinama nyuma ya mashine, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo: “Rudi! Rudi!”

Wiki mbili baadaye niliwauliza wote watatu, kila mmoja peke yake. Majibu yao ninayo kwenye daftari.

Nyapara: “Karani, nilikuwa namwita yule mtoto arudi huku kwangu.”

Opereta: “Kaka, niliambiwa rudi. Siku nzima naambiwa rudi.”

Kijana, kitandani: “Niliitwa, nikarudi.”

Kwenye gati, neno “rudi” lina mwenyewe. Tanboi, msaidizi wa dereva, anapoongoza trela kuingia kinyumenyume, hupiga bodi kwa kiganja na kuimba rudi, rudi, rudi, mpaka aseme simama. Opereta alilisikia neno hilo kwa sauti ya nyapara huyohuyo mara nyingi kila siku, na kila mara lilikuwa lake. Alikwisha shusha uma na kuuchomoa kwenye paleti, akawa anangoja ishara ya kuondoka. Akatia gia ya nyuma, akakata usukani. Kijana akainua kichwa, akageuka kumfuata aliyemwita. Njia fupi ya kumfikia ilipita ubavuni mwa foklifti.

Wote wawili walitii.

Hapa lazima nieleze mashine, maana watu wengi wanaishi nayo miaka bila kuijua, nami nilikuwa mmoja wao. Gari la kawaida hukata kona kwa magurudumu ya mbele. Foklifti hukata kwa ya nyuma. Ukizungusha usukani, uma na mlingoti vinabaki karibu palepale, ila tako lote la mashine linachomoka kwa pembeni. Mtu aliyesimama ubavuni, anayedhani inampita, ndiye anayefagiwa. Huhitaji kuwa nyuma yake kabisa ili ikugonge.

La pili ni uzito. Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina tani tatu na nusu hadi nne, kwa sababu nyuma imewekewa bonge la chuma la kupingana na mzigo. Ikibeba, uzito unahamia kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma yanakuwa mepesi. Ikiwa tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake inakalia magurudumu mawili ya nyuma. Ghala zima lilikuwa linaogopa foklifti iliyobeba na kuidharau tupu. Vijana walikuwa wakiipisha yenye paleti, halafu wanapita nyuma ya tupu kama wanapita nyuma ya ng'ombe mpole. Gurudumu lililompanda kijana lilikuwa limekaliwa na karibu tani moja, na lilikuwa la mpira mtupu, lisilotiwa upepo, lisilobonyea.

Tako lilimsukuma, akaanguka kwa ubavu, mguu wa kulia ukabaki nje. Gurudumu likapanda kifundo, likafika katikati ya muundi. Hapo ndipo kalamu iliniponyoka. Nakumbuka debe lilivyokuwa likiviringika na kahawa ikimwagika tena, na nakumbuka nikiwaza kwamba hiyo pia itakatwa. Ni aibu, lakini ndivyo akili ilivyofanya. Opereta alisikia ukelele, akaganda, kisha akasogeza mashine mbele. Haikufika nusu dakika.

Kijana alikuwa amevaa sapatu. Kila aliyefika alianzia hapo: angevaa buti. Buti za kazi zenye chuma zilizotengenezwa kwa viwango vya kimataifa zinatakiwa kustahimili kubanwa kwa nguvu ya kilonyutoni 15, sawa na kukaliwa na takriban tani moja na nusu, kwa hiyo vidole vyake vingepona. Ila vidole vyake vilipona hata hivyo. Kilichovunjika ni muundi, na chuma cha buti huishia kwenye vidole. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyofuata ghala lilinunua buti, zikapigwa picha, na mambo yakaonekana yamekwisha.

Wakati huohuo king'ora cha kurudi nyuma kilikuwa hakilii. Waya ulichomolewa miezi mingi nyuma, baada ya ofisi ya juu kulalamikia kelele wakati wa kupiga simu. Nilikuwepo fundi alipouchomoa, hata nikamshukuru. Kioo cha kushoto hakikuwepo. Opereta alikuwa na leseni ya gari, ufundi wa foklifti alifundishwa na mjomba wake jioni za Jumamosi. Alipowahi kuomba mafunzo aliulizwa, “Si unaendesha tayari?” Na sakafu haikuwa na mstari hata mmoja: njia ya mashine, njia ya watu, njia ya kwenda kwenye jeri ya maji na njia ya chooni vyote vilikuwa ni njia moja. Ukiyapanga hayo yote, la kushangaza ni kwamba ajali ilingoja mpaka Novemba.

Lakini mguu haukupotelea ghalani. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, na ndilo ambalo ripoti haikuligusa hata kwa neno.

Tulipomwinua, mguu haukuwa wa kutisha. Ngozi ilichubuka, damu kidogo, umevimba. Mfupa haukutoka nje. Kijana mwenyewe alisema anaweza kuvumilia. Nyapara akamwita bodaboda, wapakasi wawili wakampakata katikati, wakampeleka kliniki ya jirani. Huko akachomwa sindano ya maumivu, mguu ukafungwa bendeji, ikakazwa barabara ili uvimbe usizidi, akaambiwa apumzike na arudi asubuhi akapigwe picha ya eksirei. Ghalani tulishusha pumzi. Sakafu ikamwagiwa maji, paleti ya kumi na mbili ikaletwa. Trela liliondoka saa mbili usiku.

Kuanzia saa tatu usiku maumivu yalipanda badala ya kushuka. Aliyelala naye chumba kimoja, mtaa wa Banda, anasema kijana alikuwa anauma shuka. Saa sita vidole vilikuwa vinafa ganzi. Akimgusa kidole gumba na kukikunja juu kidogo tu, kijana anapiga kelele. Ndama ya mguu ilikuwa ngumu kama ubao. Wakamwambia avumilie, kliniki inafungua saa mbili. Pesa ya kwenda kokote usiku ule haikuwepo, na mimi nilikuwa nayo, nimelala Kireka, simu nimeizima.

Daktari wa hospitali kubwa aliyempokea asubuhi alinieleza baadaye kwa upole, akichora kwenye karatasi. Misuli ya mguu chini ya goti imegawanywa katika vyumba vinne, kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiovutika. Mguu ukipondwa, misuli inavimba humo ndani na haina pa kwenda. Shinikizo linapanda mpaka damu haifiki kwenye misuli na neva. Mapigo kwenye kifundo yanaweza kuwa bado yapo, ngozi inaweza kuwa nzima, na ndani misuli inakufa. Kwa kawaida uharibifu usiorudi unaanza baada ya saa sita hivi. Bendeji iliyokazwa ilizidi kukipunguza chumba ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Tiba yake ni kuupasua utando upesi ili misuli ipumue.

Alama zote zilikuwepo usiku ule chumbani: maumivu makubwa kuliko jeraha linavyoonekana, yasiyosikia dawa, uchungu unaolipuka vidole vikinyooshwa, ugumu, ganzi. Hazihitaji mashine kuzitambua. Mwenzake wa chumba alizitambua zote, tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia maana yake. Daktari alipasua, akakuta misuli imegeuka rangi. Siku ya nne mguu ulikatwa chini ya goti.

Kwa mtu yeyote aliyepondwa na gurudumu, paleti au mlango wa kontena, sasa najua hivi: hospitali yenye eksirei na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama mguu unaonekana wa kuvumilika, hakuna kukaza bendeji, mguu ulazwe usawa wa moyo, na maumivu yakizidi usiku, usiku huohuo. Siandiki kuilaumu kliniki. Iliona mguu uliovimba saa kumi na moja jioni, na sisi tuliompeleka tulisema “amegongwa kidogo.” Hakuna aliyetaja tani moja.

Mama yake alifika kwa basi kutoka Nebbi siku ya tano. Aliketi ofisini kwetu, mfuko wa plastiki magotini, na afisa utumishi akamwambia, “Mama, pole sana, lakini huyu si mfanyakazi wetu. Ni kibarua wa nyapara.” Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Yeye mwenyewe hakuwa na mkataba.

Hapa sheria ya Uganda iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatambua mkataba wa mdomo, hata ule unaoeleweka tu kwa vitendo. Kanuni zake za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akifululiza kufika hapo, anastahili mkataba wa maandishi. Kijana alikuwa amefanya kazi miezi 14 mfululizo. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema fidia italipwa hata kama kuumia kulitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Kwa hiyo ule mstari wa pili wa ripoti, “mahali pasipostahili”, hata ungekuwa kweli mara mia, haukuwa na uwezo wa kumnyima chochote. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri alipie matibabu, na awe amekata bima kwa ajili ya siku kama ile. Ghala halikuwa na bima.

Mfanyakazi naye ana wajibu wa kutoa taarifa ya ajali kwa mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Hapa mama alikuwa ameshauriwa na mtu wa kanisani, akaja na barua iliyoandikwa kwa mkono, nakala mbili, akaomba moja igongwe muhuri. Nadhani hiyo ndiyo karatasi iliyobadilisha sauti za watu pale ofisini.

Kilichobaki ni hesabu. Kwa ulemavu wa kudumu wa sehemu, fidia ni asilimia ya mapato ya miezi 60, na asilimia inatokana na tathmini ya daktari. Kwa mfano wa kuonyesha njia tu, mtu wa shilingi 380,000 kwa mwezi, miezi 60 ni milioni 22.8; daktari akiandika asilimia 50, ni milioni 11.4. Ugumu ukawa: mapato gani? Hati ya mshahara hakuna. Ofisi ilitaja kiasi ambacho hakitoshi hata chakula cha mpakasi. Afisa wa kazi wa serikali akauliza kama kuna kumbukumbu yoyote ya nani alipakia nini.

Kulikuwa na kitabu changu. Tangu mwanzo nilizoea kuandika majina ya kundi pembeni mwa kila kontena, si kwa wema, bali kwa sababu wapakasi walikuwa wakigombana siku ya malipo na mimi ndiye niliyesumbuliwa. Miezi 14 ya majina. Meneja aliniita, akaniambia kitabu ni mali ya kampuni. Nikamjibu ni kweli, na kwamba afisa wa kazi ameshapiga picha kurasa zote. Sikudumu pale baada ya hapo. Maafikiano yalikuwa ya kulipa kwa mafungu matatu. Hadi ninapoandika yamelipwa mawili, na mguu wa bandia kijana ameupata.

Opereta aliachishwa kazi ndani ya wiki ile ya ajali. Ripoti ilihitaji mtu. Siku hizi anaendesha bodaboda Kinawataka, na nikipanda kwake hataki nimlipe, jambo ambalo silipendi.

Katika mambo yaliyobadilishwa ghalani, buti zilichakaa na rangi ya njano ya njia za miguu ilifutika kwa magurudumu kabla ya Pasaka. Kilichodumu hakikugharimu kitu, na wala hakikutoka ofisini. Wapakasi walikubaliana wenyewe kwamba mashine huambiwa “nyuma”, trela huambiwa “ingia”, mtu huitwa kwa jina lake, na “rudi” haisemwi kabisa ndani ya geti.

Wiki yangu ya mwisho lilikuja trela lenye tanboi mgeni. Mvua ilikuwa imeanza. Akapiga bodi kwa kiganja kama walivyozoea kwao: rudi, rudi! Foklifti ikazimwa. Mtu aliyekuwa na gunia mgongoni akasimama nalo. Ghala zima likasimama, mimi na kalamu yangu pia, tukimtazama yule tanboi, naye akatutazama asijue amekosea nini, mpaka nyapara alipopita katikati yetu kwenda kumwonyesha kwa mikono.